Aliyewasha Pikapu

Niliyewasha pikapu ni mimi. Nimelikana jambo hili kwa karibu miaka arobaini. Nimelikana mbele ya mama yangu na ndugu zangu wote, na kwa padri sikuligusia kabisa. Mbaya zaidi, nimewahi kuliandika. Katika insha moja ya miaka ya nyuma nilisimulia mkasa ule, na ndani ya insha ile aliyewasha gari alikuwa baba. Wasomaji walinisifu kwa ujasiri wa kumwanika mzazi wangu hadharani. Nilizipokea sifa zile vizuri tu, nikashukuru. Baba amekufa nayo hatia ile, na mtu aliyeumia aliendelea kuamini kwamba ni ya baba.

Kilichonibana mwishowe ni feni. Gari langu dogo lilianza kuchemka kila nikitoka mjini Dodoma kurudi nyumbani Kikuyu, safari ya dakika kumi. Mimi, mwenye shahada mbili na hakuna hata moja ya umakanika, niliamua kuitoa feni mwenyewe uani, Jumamosi mchana, kwa kufuata video ya kwenye simu. Feni za siku hizi ni za umeme. Unatoa betri kwanza, unachomoa plagi, unafungua bolti mbili za juu, kisha unaivuta yote pamoja na fremu yake ya plastiki. Fundi wa kwenye video alitumia dakika kumi na tano. Mimi nilitumia saa mbili na kucha moja.

Nilikuwa nimeingiza mkono kati ya feni na rejeta nilipogundua kwamba binti yangu, ambaye yuko chuo mwaka wa pili, amekaa kwenye kiti cha dereva anatafuta chaja yake. Nilipiga kelele mpaka mtu wa nyumba ya tatu akatoka nje kuangalia.

"Toka humo! Toka!"

"Mama, betri si hiyo hapo chini?" alisema. "Hata nikitaka kuwasha, niwashe nini?"

Alikuwa sahihi. Betri ilikuwa kwenye mchanga karibu na mguu wangu. Nikakaa kando ya betri, na kwa mara ya kwanza nikamweleza mtu. Acha nikueleze na wewe.

Tulikuwa tunakaa Makole, hapa hapa Dodoma, kwenye nyumba za serikali zenye uzio wa minyaa. Upepo wa mwezi wa saba ulikuwa unaingia hata ndani ya sufuria. Mlenda tuliula na mchanga wake, tukazoea kutafuna polepole. Asubuhi sauti ya kwanza ilikuwa adhana, ya pili ndoo kwenye bomba la mtaa, na ya tatu taipu ya jirani. Ile taipu ndiyo iliyotuamsha sisi watoto. Mpaka leo nikisikia mvua ya kwanza juu ya bati huwa nadhani nimechelewa shule.

Jirani alikuwa mpiga taipu wa ofisi moja ya serikali, mzaliwa wa Kolo, kule Kondoa. Tulimwita mjomba ingawa hatukuwa na undugu wowote. Kabla ya kwenda kazini alikuwa anawapigia watu wa mtaani barua zao: za kuomba kazi, za kuomba uhamisho, za kuomba mchumba. Sikukuu ya Idd mkewe alipitisha sahani ya pilau juu ya minyaa, na Krismasi sahani ile ile ilirudi na kuku. Mama aliifunika kwa kitambaa alichokidarizi kwa ajili ya kazi hiyo tu.

Kwenye karatasi jirani hakukosea hata herufi moja. Mdomoni ilikuwa kesi nyingine. Sijui kama ni pengo la meno mawili ya mbele au alikuwa hivyo tangu utotoni, lakini "sh" yake ilitoka "ch". Shati likawa chati, shule ikawa chule. Mimi ndiye niliyekuwa bingwa wa kumwiga. Wakati wa mapumziko watoto walinizunguka, nikakunja shingo kama yeye na kusema, "Chikamoo, mwalimu," wakaanguka kwa kicheko. Baba naye alimtania, ila yeye alifanya hivyo uso kwa uso.

"Jirani, naona leo umevaa chati jipya."

"Cheka tu," jirani alimjibu. "Barua yako ya kuomba cheo nitaipiga hivi hivi ninavyosema. Tuone kama utapata."

Wakacheka wote wawili. Angalau mimi nilidhani wanacheka wote wawili.

Baba alikuwa na pikapu kuukuu iliyochemka popote ilipokwenda. Maji yetu yalikuwa na chumvi, na chumvi ile ilikuwa imeitafuna rejeta kutoka ndani. Tulipanga foleni bombani na ndoo mbili, moja ya nyumbani na moja ya pikapu. Mama alisema gari lile ndilo mtoto wake wa saba, na ndilo linalokunywa kuliko wote.

Jumapili moja baada ya misa, baba na jirani waliamua kuitoa rejeta ipelekwe kuchomelewa, na ili rejeta itoke ilibidi feni itangulie kutoka. Jirani aliwahi kuwa utingo wa lori kabla ya kujifunza taipu, kwa hiyo spana alishika yeye. Feni ya gari lile ilikuwa ya chuma, imefungwa kwa bolti nne na kuzungushwa na injini yenyewe kwa mkanda. Spana iliweza kuingia kwenye bolti ya juu tu. Ukishaifungua, inabidi feni izunguke kidogo ili inayofuata nayo ije juu. Wangeweza kuizungusha kwa mkono. Lakini mama alikuwa ameshasema ugali uko tayari, hivyo wakawa wanatumia stata. Baba alikaa kwenye usukani, mimi pembeni yake. Boneti ilikuwa imeinuliwa. Hatukumwona jirani, wala yeye hakutuona.

Jirani alifungua bolti ya kwanza, akatoa mkono, akasema, "Wacha!" Alikuwa anasema washa. Baba akagusa ufunguo, injini ikakohoa mara moja, feni ikazunguka robo. Bolti ya pili ikafunguka. "Wacha!" Baba akagusa tena, feni ikazunguka tena.

Bolti ya tatu ilikuwa imeshikwa na kutu. Baba alishuka kwenda nyuma ya nyumba kuchukua mafuta ya taa ya kuilainishia. Hakusema anakwenda, au alisema na upepo ukachukua. Nikasogea kwenye usukani. Nilikuwa na miaka tisa na sikuwa na nia yoyote zaidi ya kuwa dereva. Nikashika ufunguo. Funguo nyingine zilizokuwa kwenye pete moja nao zikagongana, na jirani, mkono wake ukiwa ndani, akazisikia.

"Wacha!" alisema kwa nguvu.

Safari hii alimaanisha hivyo hivyo alivyosema. Lilikuwa neno safi, halina kosa lolote mdomoni mwake. Mimi, bingwa wa kumwiga, nikamsahihisha kichwani na kuwasha.

Sitaieleza sauti. Nitasema tu kwamba injini ilikohoa mara moja, kama zile mara mbili za kwanza, na ikatosha. Vidole vitatu vya mkono wa kulia.

Baba alikuja mbio na chupa ya mafuta ya taa mkononi. Alinitazama mara moja, akanishika mkono, akanishusha upande wa pili wa gari, kisha akakimbilia mbele. Mke wa jirani alifika anapiga yowe. "Nani kawasha? Nani kawasha gari?" Baba alikuwa amevua shati lake la misa anamfunga jirani mkono. Alijibu bila kuinua kichwa.

"Mimi."

Jirani alimsikia. Fahamu alikuwa nazo zote.

"Nimekwambia wacha," alisema. "Nimekwambia wacha, bado unanicheka."

Jioni ile baba alirudi peke yake kutoka hospitali. Alinikuta nimejificha nyuma ya pipa la maji. "Nimeshasema ni mimi," aliniambia. "Wewe nyamaza." Nilikuwa mtoto mtiifu sana, kama unavyoona.

Mama aliniuliza mara moja tu, siku kadhaa baadaye, tukiwa tunachagua mchele. "Baba yako hakuwa ndani ya gari," alisema. "Nilimwona kwa dirisha la jikoni. Uligusa ufunguo?" Nikamwambia sikugusa. Akaendelea kuondoa mawe. Aliishi miaka mingine mingi na hakuuliza tena.

Ofisini walimpa jirani kazi ya utarishi, akawa anatembeza mafaili yaliyopigwa taipu na wengine. Nyumbani alijaribu kwa mkono wa kushoto. Tulikuwa tunaamka na kusikia herufi moja, kimya, herufi nyingine, kimya. Baadaye tukawa hatusikii kitu. Idd iliyofuata sahani haikupita juu ya minyaa. Mwaka haukuisha, likaja lori kuchukua vitu vyao kuvirudisha Kolo. Mkewe alimuaga mama. Jirani mwenyewe alipanda mbele, akapandisha kioo.

Leo ukipita pale utakuta hosteli ya wanafunzi, ghorofa tatu, na walinzi. Minyaa iling'olewa yote. Bomba halipo, na binti yangu nililazimika kumweleza taipu ni kitu gani. Pikapu iliuzwa kama chuma chakavu. Mama alitangulia, baba akafuata miaka sita iliyopita. Nikisema nayakumbuka maisha yale, sina hakika ninachokitamani. Huenda ni Jumamosi moja tu, ile iliyokuwa kabla ya Jumapili ile.

Binti yangu alinisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo jirani yuko hai?"

Nikaanza kumweleza kwamba suala la ukweli baada ya muda mrefu kiasi hicho ni gumu, kwamba mtu huwa amejijengea maisha yake juu ya…

"Mama, hiyo ni insha. Yuko hai au hayuko?"

Ana mwenzake chuoni anayetoka Kondoa. Baada ya siku mbili namba ilikuwa kwenye simu yangu, namba ya mtoto wa jirani. Nilikaa nayo wiki nzima. Nilitaka mtu mmoja aliye hai aache kuamini kwamba baba yangu alimkata vidole kwa mzaha. Nilitaka pia kusamehewa, nisijifanye. Nikapiga, mwanawe akapokea na kumpa simu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Nikajitambulisha: binti wa jirani yako wa Makole, yule mwenye pikapu. Nikayasema yote kwa haraka, funguo, mafuta ya taa, nani alikuwa amekaa wapi. Sauti yake sitaiiga hapa. Nimeiiga vya kutosha.

"Baba yako alikuja hapa Kolo," alisema. "Mara tatu. Hukujua?"

"Hapana, mjomba."

"Mara ya mwisho alikuwa anatembelea fimbo. Alikaa pale nje juani tangu basi la asubuhi mpaka la jioni. Wajukuu wakaniambia, babu, kuna mzee anakuomba radhi. Nikawaambia waendelee na kazi zao."

Nikasema pole.

"Sikumpa hata maji," alisema. "Mtu ametoka Dodoma, mgonjwa, kuja kuomba radhi kwa kosa ambalo si lake, na mimi niko ndani nimefunga mlango, nimetandika mswala, nasali. Sasa hilo nilipeleke wapi?"

Alinisubiri, kwa adabu, muda ambao mtu humpa mwenzake kujibu. Kisha akasema simu ni ya mwanawe na anaihitaji, akakata.