Meno ya Mama Mkwe

"Onja wewe kwanza," mama mkwe alikuwaga ananiambia kila nikimtengea chakula. Namega tonge la ugali wa udaga, ule unga wa muhogo, mbele yake, nachovya kwenye mchuzi wa sato, nameza, halafu namkazia macho. Anasubiri kidogo, nadhani aone kama nitaanguka. Hapo ndipo naye ananawa mikono.

Hii ilikuwa Guta, miaka ile ya shida, sabuni kwa foleni, dawa ya meno tumeshasahau hata harufu yake. Mama mkwe alikuwa na ugonjwa wa sukari. Kila mwezi anaenda kliniki Bunda mjini, wanachemsha mkojo wake na dawa ya bluu, na kila mara unageuka rangi ya tofali, maana yake sukari imejaa. Vidonge anameza, chai anakunywa bila sukari, na hiyo sukari yenyewe ingetoka wapi? Pombe hagusi. Bado tofali. Wifi yangu mkubwa, aliyeachika akarudi kwao, akasema tatizo siyo ugonjwa, tatizo ni mkono unaopika. Mkono unaopika ulikuwa wangu.

Mimi nilimshuku mama mkwe mwenyewe. Nilikuwa na hakika anakula kitu kwa kificho. Nilipekua chini ya kitanda chake nikitafuta sukari guru, nikakuta kopo la ugoro tu. Tonge zangu alikuwa anazizungusha mdomoni, kisha anazirudisha sahanini na kunywa mchuzi. Nikaona ni dharau. Akiongea na wifi anaziba mdomo na khanga, nikajua nasengenywa. Asubuhi moja nikamkuta nyuma ya nyumba anatema mate mekundu kwenye mgomba na kuyafukia kwa mguu. Nikamwuliza, akasema ni ugoro. Ugoro gani mwekundu? Nikaliweka moyoni.

Ikapitishwa kwamba pamba ikishauzwa nirudishwe kwetu Mugeta. Mume wangu alinieleza huku anaangalia viatu vyake. Nikamwambia zile ng'ombe mlizotoa kwa ajili yangu kaka yangu ameshaolea, nikirudi mimi na mke wake anarudi kwao, na watoto wao waende wapi? Akasema ataongea na mama yake. Wapi! Mwanaume mzima, anamwogopa dada yake.

Siku ya kliniki wifi akaamka na homa, ikabidi mama mkwe nimsindikize mimi. Mama mkwe alikataa kubeba mkojo kutoka nyumbani, eti nisije nikautia kitu. Akaenda kukojoa hukohuko, akashika kichupa mwenyewe mpaka mezani. Tofali, kama kawaida. Daktari akamkaripia kwamba hafuati masharti, na yeye akanigeukia, akaniangalia mimi, mbele ya watu wote. Hasira zikanipanda.

"Daktari," nikasema, "mwulize kila asubuhi anatema damu ya nini."

Nilitaka aumbuke na yeye, nilikuwa nimechoka. Daktari akamwambia afungue mdomo. Akakataa mpaka mimi nitoke nje, maana mkwe kuuona mdomo wake katika hali ile ilikuwa aibu. Daktari alikuwa mtu wa haraka, hakunitoa. Mama mkwe akafungua. Jamani, ile harufu. Fizi zimevimba, zimekuwa nyekundu kama nyama mbichi, usaha kwenye mashina ya meno, na meno mengine yanacheza. Kumbe kutafuna kulikuwa kunamshinda siku zote zile. Mswaki alishauacha zamani, kwa sababu kila akipiga anaona damu, akadhani mswaki ndio unaomuumiza. Na wifi alikuwa amemwambia mdomo ukioza hivyo ni sumu inatoka.

Daktari akatueleza kwamba sukari ndiyo inayoharibu fizi, na fizi zikishaoza zinazuia sukari kushuka, kwa hiyo vidonge peke yake havitafanya kitu. Akatuandikia twende Musoma kwa mganga wa meno. Tulipotoka nje mama mkwe akaniuliza kama yule daktari ni ndugu yangu wa Mugeta.

Tulienda, kwa sababu maumivu yalimzidi. Mganga wa meno akamkwangua uchafu mgumu uliojijenga chini ya fizi, akang'oa meno yaliyokuwa hayafai tena, akamwambia asukutue kwa maji ya chumvi na arudie mswaki taratibu hata akiona damu. Tulirudi huko tena, akakwanguliwa tena. Nyumbani alikataa nimkorogee chumvi, akaikoroga mwenyewe.

Pamba ilikuwa imeshauzwa na mizigo yangu nimeifunga tulipokwenda tena kliniki. Safari hii wifi alikuja, kushuhudia. Mkojo ukachemshwa, ukaishia kijani, sukari kidogo tu. Wifi akaomba wauchemshe upya. Kijani.

Jioni yake, wifi akiwa ameenda kisimani, mama mkwe akaniita jikoni. Akafungua pindo la khanga, akatoa kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani yake kulikuwa na meno yake. Tangu Musoma alikuwa analala nayo. Kwetu kitu kilichotoka mwilini mwa mtu hakiachwi ovyo. Mwenye nia mbaya akikipata, amekupata wewe mzima.

"Kayafukie," akasema. "Usiniambie wapi."

Nikamwuliza kwa nini asimpe binti yake. Akaniangalia sana.

"Yeye sijawahi kumwogopa. Wewe ndiye niliyekuogopa."

Nikayapokea kwa mikono miwili. Nilitembea nayo nikigeuka nyuma kila hatua, kwa sababu nilijua lazima ni mtego, lazima kuna mtu amejificha anichungulie nikiyashika. Hakukuwa na mtu. Nikachimba, nikafukia, nikakaa palepale chini nikalia, na nilikuwa na hasira kuliko furaha. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, nami nikiwa hapohapo kwake, na hakuniuliza hata siku moja nimeyafukia wapi.