Difu ya Mbele

Mtaani walimwita Daktari wa Meno, ingawa kinywani mwake mwenyewe yalikuwa yamebaki ya kuhesabika. Meno aliyoyatibu yeye yalikuwa ya difu, lile boga la chuma lililo katikati ya ekseli, ambamo gia ndogo huzungusha gia kubwa na gia kubwa ikazungusha magurudumu. Gari likianza kulia huko nyuma kama lina paka tumboni, mafundi wengine walijikuna kichwa, wakafuta mikono, wakamwambia mwenye gari, "Hii mpelekee Daktari."

Gereji yake ilikuwa mabati juu ya nguzo, shimo la kushukia chini ya gari, na benchi la mbao lililokunywa oili mpaka likawa jeusi. Ukimletea gari alisema, "Liache." Ukimuuliza lina nini, alisema, "Bovu." Ukiuliza litakuwa tayari lini, alikutazama tu mpaka ukajiona mjinga, ukaaga. Watu walimvumilia kwa sababu difu aliyoifunga yeye ilikuwa haifunguliwi tena mpaka gari lizeeke.

Hakuwa na roho mbaya. Ndivyo alivyofundishwa. Fundi aliyemlea kikazi alikuwa na maneno matatu: shika, achia, kaza. Siku moja, Daktari bado kijana, aliuliza kwa nini bati lile jembamba la kurekebisha meno linawekwa upande huu na si ule. Alirushiwa tambara la grisi usoni, gereji nzima ikaangua kicheko. Hakuuliza tena. Alijifunza kwa macho na masikio, akaja kuamini kwamba anayeelezwa sana haelewi, na anayeeleza sana hajui. Ni imani ya kijinga, lakini ilimlisha miaka mingi, na imani inayomlisha mtu ni vigumu kuiacha.

Nyumba yake nayo aliiendesha hivyohivyo. Mama yao alifariki mdogo wake bado anakojoa kitandani, na baba alioa mbali akasahau njia ya kurudi. Basi Daktari akamlea mdogo wake katika chumba cha nyuma ya gereji, kati ya majeki na betri zinazovuja asidi. Mtoto wa mahali kama pale anaishi kwa kutii. "Usiguse." "Toka hapo." "Simama hapohapo." Mtoto alitii, ndiyo maana alikua na vidole vyake vyote. Watu wakamwita Mdogo, na waliendelea kumwita hivyo hata ndevu zilipoanza kupata mvi, kwani kaka yake hakuwahi kumtambulisha kwa jina lingine.

Mdogo hakupenda ufundi. Alipenda usukani. Alinunua pikapu kuukuu, ya aina ile inayoweza kuvuta kwa magurudumu ya nyuma peke yake au kwa yote manne, akawa anapandisha wapasua mbao kwenda kiwandani mlimani na kuwarudisha. Barabara ile ilikuwa imechimbwa na malori. Mifereji ya matairi ilizama, katikati kukabaki mgongo, na kila safari difu ilisugua mgongo ule. Alipochoka kusikia chuma kikikwaruza, alinunua matairi makubwa, yenye meno mapana kama ya trekta, akaja nayo gereji anapiga honi.

"Kaka, toka uone!"

Daktari alitoka, akalizunguka gari mara moja, mikono mgongoni.

"Umeliinua."

"Haligusi chini kabisa! Pale wenzangu wanaposhuka kusukuma, mimi napita nawapungia mkono."

"Mlimani linapandaje?"

Mdogo akajikuna shingo. "Linachoka kidogo."

"Klachi inanuka?"

"Kidogo."

"Rudisha ya zamani."

"Nimeshayauza, kaka."

Daktari akasonya, akaingia chini ya gari. Alichokiona si siri, na mimi nitakisema kwa kuwa yeye hakukisema. Tairi kubwa linapiga hatua ndefu zaidi kila linapozunguka. Injini ni ileile, nguvu ni zilezile, ila sasa inalazimishwa kupiga hatua za mtu mrefu kuliko yeye, tena akipanda mlima na mzigo mgongoni. Ama urudishe matairi madogo, ama ubadilishe meno ya difu, uweke yale yanayoiruhusu injini izunguke zaidi kwa kila hatua. Na gari linalovuta kwa magurudumu yote manne lina difu mbili, ya mbele na ya nyuma. Ukibadilisha moja, sharti ubadilishe na nyingine, ziwe sawasawa. Hapo hakuna mjadala.

"Nitabadilisha meno," akasema kutoka chini ya gari. Basi.

Alizunguka kwa wauza vyuma chakavu mpaka viatu vikamchoka. Ya nyuma aliyapata, mazuri, yametoka kwenye gari lililoungua mbele tu. Ya mbele hayakuwepo. Wauzaji waliahidi, wakaapa, wakamwita ndugu, lakini meno hayakuja. Na mawingu yalikuwa yameanza kukaa mlimani asubuhi.

"Funga hayo ya nyuma kwanza," Mdogo akasema. "Mvua zikinikuta na klachi hii, wale watu nitawapandisha kwa mgongo?"

Daktari alikuwa na msemo mmoja, labda ndio pekee aliowahi kuutunga: kazi nusu si kazi. Angekuwa mteja mwingine, angemfukuza na gari lake. Lakini huyu alikuwa Mdogo, na kwa Mdogo alikuwa na udhaifu ambao hakuna aliyeujua, hata Mdogo mwenyewe. Akafunga ya nyuma. Kisha akachukua spana ili aifungue propela ya mbele, chuma kile kirefu kinachopeleka nguvu kwenye difu ya mbele, gari lisiweze kuvuta mbele hata mtu akitaka.

"Usitoe, kaka! Abiria wangu wanajua magari wale. Wakichungulia wakaona chuma hakipo watasema gari la Mdogo linaliwa vipandevipande."

Daktari akaiacha spana. Akaingia ndani, akachukua waya, akakifunga kijiti kifupi cha gia, kile cha kuingizia magurudumu ya mbele, akauzungusha na kuubana kwa koleo.

"Hiki usikiguse."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nipate ya mbele."

"Nikikwama je?"

"Usiguse."

"Lakini nikigusa kinatokea nini?"

"Nimesema usiguse! We mtu mzima, unasikia au husikii?"

Mdogo alicheka, akapiga saluti kama mgambo. "Nasikia, bosi."

Gari likapanda vizuri ajabu. Klachi haikunuka tena. Mdogo alimpigia simu kutoka juu mlimani, upepo ukivuma kwenye simu: "Kaka, mkono wako una baraka!" Daktari akajibu, "Mm," akakata, kisha akabaki anatabasamu peke yake mbele ya benchi.

Mvua zikaja.

Yaliyotokea siku moja ya mvua hizo Daktari alisimuliwa na mpasua mbao mmoja aliyekuwa amekaa mbele na Mdogo, mtu wa makamo ambaye alikuja gereji mkono ukiwa umefungwa bandeji, akasimama muda mrefu kabla ya kukubali kukaa. Alisema walikwama kwenye tope alasiri, wakielekea juu. Waliokuwa nyuma walishuka, wakasukuma, wakarudi ndani wamejaa tope mpaka kope. Gari halikusogea. Mtu mmoja akapiga kelele, "Ingiza ya mbele, bwana, utatulaza hapa!" Mdogo alikitazama kijiti, akatoa koleo chini ya kiti, akakata waya.

"Akaingiza," yule mtu akasema. "Gari likatoka kama linavutwa na kamba. Akacheka sana. Akaniambia, 'Miaka yote kaka yangu ananitisha kama mtoto. Umeona kitu chochote kimetokea?' Nikamwambia sikuona."

"Hakukitoa tena," Daktari akasema. Hakuwa anauliza.

"Angekitoa kwa nini? Mbele bado kulikuwa na mvua."

Mbele kulikuwa na mvua, na kulikuwa na kona. Ilikuwa mwinuko mkali kiasi kwamba wenye kiwanda walikuwa wameimwagia saruji ili malori yashike. Na hapo ndipo mauti yalipokuwa. Difu ya mbele na ya nyuma zikitofautiana, magurudumu ya mbele yanataka mwendo mmoja na ya nyuma mwendo mwingine. Kwenye tope hakuna ugomvi, matairi yanateleza kidogo na tofauti inaishia hapo. Kwenye saruji hayatelezi. Vyuma vilivyo katikati vinajisokota, vinaendelea kujisokota, na mahali penye udhaifu panakatika.

Palikatika kwenye kisanduku cha chuma kinachogawa nguvu mbele na nyuma. Mpasua mbao alisema mlio ulikuwa kama bunduki. Kilipopasuka kiling'oa na propela ya nyuma, na kwa gari la aina ile breki ya mkono inashika propela hiyohiyo. Kwa hiyo injini haikushika, breki ya mkono haikushika, ikabaki breki ya mguu, iliyoundwa kwa matairi madogo, nayo imelowa tope. Gari likaanza kurudi kinyumenyume.

"Alitupigia kelele, 'Rukeni! Rukeni nyote!' Mimi nilifungua mlango nikajitupa. Wote tuliruka. Yeye alibaki na usukani, amegeuza shingo anaangalia nyuma, analitafutia ukuta wa mlima. Aliukosa kidogo tu." Mpasua mbao akaitazama bandeji yake. "Angeruka na yeye, lingetufuata sisi tuliokuwa tumelala barabarani."

Gari lilikwenda bondeni na Mdogo ndani. Hakutolewa hai.

Baada ya mazishi Daktari alishuka bondeni kwa kamba na kisanduku cha spana. Watu walimkataza, hakusikia la mtu. Alilala kwenye majani yaliyolowa chini ya mabaki ya gari, akaifungua difu ya nyuma, akaingiza kidole na kupapasa jino moja baada ya jingine. Yalikuwa mazima, hayana hata mkwaruzo. Kazi yake ilikuwa safi kama kawaida. Alilala pale akalia kwa sauti, mtu mzima, oili ikimchuruzikia mkononi mpaka kwenye kiwiko, na waliokuwa juu wakishika kamba waligeuza nyuso zao.

Mjane wa Mdogo alikuwa fundi cherehani. Siku kadhaa baadaye akamtuma jirani amwite shemeji yake. Daktari alimkuta katika chumba chao cha mbele, cherehani imesukumwa ukutani, sare za shule za watoto zimekunjwa juu yake. Watoto walikuwa shule.

"Karibu shemeji, kaa." Yeye mwenyewe hakukaa. "Nataka nikuulize. Gari lilikuwa na nini?"

"Liliharibika," Daktari akasema.

"Kwamba liliharibika hata mtoto anajua. Huko nje wanasema aligusa kitu ulichomkataza. Wanasema ni ukaidi. Juzi mwanangu mkubwa kaambiwa shuleni baba yako alikufa kwa kichwa kigumu, karudi analia. Sasa nataka kujua nimwambie nini. Kweli alikuwa mkaidi?"

Daktari alitazama mikono yake. Alijua kwamba neno moja lingetosha. Akisema ndiyo, angeinuka pale na jina lake safi, fundi aliyeonya asisikilizwe, na mtaa mzima ungemwunga mkono. Neno lenyewe lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Alilimeza, na badala yake, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaanza kueleza.

Alieleza vibaya mwanzoni, akigugumia, akitaja vyuma ambavyo shemeji yake hakuvijua. Kisha akachukua kibiringo kikubwa cha uzi na kidogo kutoka kwenye cherehani, akaviweka mezani. Akasema hii ni hatua ya mbele, hii ya nyuma, na zimefungwa pamoja. Kwenye tope zinateleza, hakuna kinachoumia. Kwenye saruji zinashika, zinavutana mpaka kitu kikatike. Kwa hiyo mtu akikwama kwenye tope kweli anaweza kuingiza ya mbele, ajinasue taratibu, lakini akikaribia pagumu sharti aitoe. Akitoa, gari linaendelea na safari kama kawaida.

Shemeji yake alivitazama vile vibiringo.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

"Mbona nimeelewa," akasema polepole. "Mimi hata kuwasha gari sijui, na nimeelewa."

Daktari alikisogeza kibiringo kidogo karibu na kikubwa.

"Na yeye alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia asiguse."

Mwanamke alivichukua vibiringo, akavirudisha mahali pake kimoja kimoja.

"Basi watoto nitawaambia mimi kwamba baba yao aliuliza, shemeji," akasema. "Wewe usiwaambie kitu." Akaenda mlangoni, akaufungua, akaushikilia mpaka Daktari alipotoka.