Upepo wa Kompresa

Mpaka leo nina hasira, na sitaki mtu aniambie nitulie.

Nilikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kidogo cha mvinyo wa ndizi, njia ya kwenda Giheke. Tangi la kuchachushia likishamwagwa, gesi nzito hubaki chini, na anayeingia bila kupima huanguka kama gunia. Kwa hiyo tulikuwa na ejekta, kibomba cha shaba kilichobanwa katikati. Ukipitisha upepo wa kompresa, unakwenda kasi pale panapobana, na kasi hiyo inavuta hewa ya chini ya tangi kupitia mpira wa pembeni. Hakina mota wala cheche. Kipimo cha oksijeni hukaa kwenye ule mpira, kabla hewa ya tangi haijakutana na upepo wa kompresa. Kabla! Hata mtoto angeelewa.

Shida ni kwamba povu la ndizi lililobaki tangini lilikuwa likipanda kwenye mpira na kuziba kipimo. Shefu, bosi wetu, akawaka. Hakuwaka kwa ajili yetu, aliwaka kwa ajili ya hicho kipimo chake.

"Tosha iyo mashini, utie kule upepo inatokea. Povu itaiua, na siko na ingine."

Nikamwambia nikikitoa kipimo na kukitia kule, hewa imeshachanganyika na upepo wa kompresa. Akanitazama kana kwamba nimemtukana mama yake.

"Inavuta ao haivuti?"

Nikaweka kiganja kwenye mdomo wa mpira, kama tulivyozoea sisi sote. Ulivuta. Nikahamisha kipimo, mimi mwenyewe, kwa mikono yangu.

Wiki hiyohiyo akaja fundi wa kuchomelea, mzee wa Bukavu aliyekuwa akivuka mpaka kila asubuhi, kuziba ufa ndani ya tangi, kwenye sakafu yake. Alijifunga kamba kiunoni. Ilikuwa kawaida yake, kiwanda hakikuwahi kumpa hata kamba.

"Papa," mzee akaniita kwa heshima, "ulisha pima?"

"Nilisha pima, mzee. Iko muzuri, ingia tu."

Namba ilikuwa nzuri kweli, maana karibu yote ilikuwa upepo wa kompresa, hewa ileile waliyokuwa wakivuta kuku pale uani. Aliingia. Sikusikia hata mlio mmoja wa kuchomelea. Tulimvuta kwa ile kamba, watu watatu, akatoka midomo imekuwa ya bluu.

Shefu aliandika kwenye ripoti kwamba mzee hakuwa mwangalifu. Hapo nilipasuka. Nilimtukana mbele ya akina mama wanaomenya ndizi, nikamwambia kipimo chake kina thamani kuliko mzee wa watu, nikavua koti la kazi nikalitupa miguuni pake. Akina mama walipiga makofi. Niliondoka kifua mbele.

Kesho yake nikaenda hospitali. Mke wa mzee alinishika mikono yote miwili.

"Aksanti sana, papa. Baliniambia ni weye ulimutosha mule ndani. Mungu akubariki."

Mzee alikuwa macho kitandani, ananitazama.

"Amina, maman," nikajibu.