Baba Alichagua Kisu

Mwanzoni mwa miaka ya themanini, daktari bingwa wa njia ya mkojo alikuwa akija Isiolo kutoka Nairobi mara moja moja, na siku aliyotarajiwa uwanja wa hospitali ulijaa kama mnada. Nilimpeleka baba kwa lori langu, amelala nyuma juu ya godoro, maana mgongo haukumruhusu kukaa. Alikuwa mfanyabiashara wa mifugo. Nusu ya mwaka alikaa nasi mtaa wa Bulla Pesa, nusu nyingine alikuwa Sericho na ngamia wake, na hakuna aliyewahi kumwona amelala mchana.

Daktari alimpima tezi kwa kidole, kupitia njia ya haja kubwa, akapiga picha za mifupa, akachukua kinyama kidogo kwenda kupimwa Nairobi. Safari iliyofuata alikuja na jibu: saratani ya tezi dume, nayo ilikuwa imeshaingia kwenye uti wa mgongo.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilipenda watu wajue. Daktari alianza kwa Kiswahili, mimi nikamjibu kwa Kiingereza, tukaendelea hivyo juu ya kichwa cha baba kana kwamba tunajadili injini. Alisema saratani hii inalishwa na homoni za kiume, na kuna njia mbili za kuinyima chakula: vidonge, au kuondoa korodani. Mtu ambaye akifungua mdomo mnada mzima unanyamaza, akatwe? Nikasema hatutaki.

"Umemuuliza?" daktari akasema.

"Mimi ndiye mtoto wake mkubwa."

"Sikuuliza hivyo."

Nilimwambia tutafikiria nyumbani. Alinionya kwamba miguu ikianza kufa ganzi tusingoje, turudi hospitali hata kama yeye hayupo. Baba nilimwambia tumepewa dawa ya maumivu. Basi.

Baada ya muda baba alilalamika kwamba mguu wa kushoto hauhisi kiatu. Nilimnunulia mafuta ya kuchua. Nilimchua kwa bidii kila jioni, nikijua vizuri nilichoambiwa. Mwishowe hakuweza kusimama kabisa, na ndipo nilipomrudisha, bahati nzuri daktari mwenyewe akiwepo.

"Leo wewe nyamaza," baba aliniambia kabla sijafungua mdomo. "Daktari, Kiswahili unajua?"

"Najua, mzee."

"Basi mbona siku ile mlikuwa mnanisema kama sipo?"

Daktari aliomba radhi, akavuta kiti, akamweleza yote upya. Mimi nilitazama dirisha. Baba alisikiliza mpaka mwisho, kisha macho yake yakachangamka kama ya mtu aliyesikia bei nzuri.

"Kwa hivyo unataka kunifanya maksai."

"Kwa lugha ya mifugo, ndiyo."

"Nimehasi madume tangu sijaota ndevu. Ng'ombe, mbuzi, ngamia. Maksai ananenepa."

"Wewe pia unaweza kunenepa. Na utakuwa ukipata joto la ghafla na kutoka jasho."

"Sauti?"

"Sauti haiguswi."

"Mambo ya chumbani?"

"Yatakwisha, sikudanganyi."

"Hayo mgongo ulishayamaliza. Huu ugonjwa utakufa?"

"Hautakufa, utalala. Kwa wengine unalala miaka, kwa wengine miezi. Siwezi kujua wako."

"Na vidonge?"

"Vinafanya kazi ile ile. Lakini vinaweza kukuvimbisha matiti, au kugandisha damu, na hufai kuvikosa."

Baba akanigeukia. "Nikiwa Sericho nani ataniletea? Wewe?" Hakungoja jibu. "Kata."

Upasuaji ulikuwa mdogo kuliko nilivyoogopa. Siku chache baadaye alilala bila kuguna. Akaomba nyama. Halafu asubuhi moja nikakuta kitanda kitupu, nikatoka mbio kumtafuta. Nilimpata barazani, ameshika ukuta kwa mikono yote miwili, amesimama, anabishana na mfagiaji kuhusu bei ya mbuzi. Nilicheka mpaka watu wakageuka. Niliendesha lori kwenda Bulla Pesa nikipiga honi njia nzima, na mama alitoka nje akidhani kuna msiba, nikashindwa hata kumwambia ni nini kwa kicheko.

Baba hakuficha kitu. Alisimulia mnadani, mbele ya wanunuzi, kwamba yeye sasa ni maksai na mgongo hauumi. Daktari aliporudi alikuta foleni ya wazee wanaotaka kidole. Mmoja mkongwe sana, asiye na shida yoyote, alipatikana na kiuvimbe kigumu, naye akataka kisu.

"Wewe nakuacha, mzee," daktari akamwambia. "Kwa umri wako kitu hiki huenda polepole. Nitakuwa nakuangalia."

"Mwenzangu amekatwa anatembea, mimi unaninyima?"

Foleni ikaangua kicheko. Lakini daktari hakucheka. Aliniambia pembeni kwamba kuugundua ugonjwa huu si kazi kubwa, kazi ni kujua nani umkate na nani umwache na amani yake. Mwenye maumivu au damu kwenye mkojo aje mbio. Mzee anayelala usingizi wake, yeye daktari hapendi kumtafutia taabu. "Lakini wewe ni mtoto wa mgonjwa," alisema. "Ukikaribia hamsini, njoo."

Nilimuuliza kuhusu ule mguu wa kushoto, maana ulikuwa bado unaburuta. Alinijibu wazi: tungerudi ganzi ilipoanza, pengine ungepona.

Siku hiyo hiyo, tukiwa tumeegesha lori nje ya hospitali, nilimweleza baba kwamba nilionywa kuhusu ganzi na nikanunua mafuta. Alijipiga kofi kwenye goti la kushoto.

"Basi huu si mguu wangu," alisema. "Ni wako. Utaubeba wewe."

Tangu hapo, kila tulipoondoka kwenda Sericho, alipanda lori mwenyewe kwa mguu wa kulia, akashika mlango, akaita, "Leta mguu wako." Nilishuka, nikauinua ule wa kushoto kwa mikono miwili nikauingiza ndani, naye akaanza kunigombeza kwamba tumechelewa.