Zamu ya Jiko la Umeme

Nakumbuka alasiri moja ya msimu wa baridi, hapa Kolwezi, nilipoinjika maharagwe kwenye jiko la umeme makusudi, saa ambayo haikuwa zamu yetu. Nilikuwa kijana mwenye domo, mwanangu, na sufuria ile inanitia aibu hadi leo.

Transfoma ya mtaa wetu ilikuwa mali ya kampuni ya serikali, nayo ilikuwa imechoka. Bwawa la umeme la Nzilo haliko mbali, lakini migodi ilikunywa kwanza, sisi tukapata masalia. Aliyetuokoa ni mzee tuliyemwita Tata Kabamba, fundi mstaafu, mtoto wa watu wa Kasai walioletwa zamani kuchimba shaba. Yeye ndiye aliyepanga zamu: upande wa juu wa mtaa tupike asubuhi, upande wa chini wapike baada ya saa sita, na nyumba ya uzazi isikose umeme hata kidogo. Hakuna aliyemtuma. Kila alfajiri alipita na baiskeli yake, akasimama kusikiliza transfoma inavyonguruma, akafagia majani mlangoni pa kibanda cha transfoma. Usipoziba ufa utajenga ukuta, alisema, na ufa wenyewe hata haukuwa wake. Nimeona wakubwa wengi katika maisha yangu. Mkubwa kama yule sijamwona tena.

Mimi nilimdharau. Siku hizo watu walianza kusema laini yetu ya umeme iuzwe kwa mfanyabiashara, nami nilishabikia sana. Jirani yetu, mwalimu, alisema umeme ni wa wananchi, hauuzwi. Alasiri ile tulibishana kwenye ua hadi mishipa ya shingo ikatutoka.

"Zamu ni bintu bya Leta yenye kushindwa!" nilimpigia kelele. Leta, ndivyo tunavyoiita serikali. Nikaingia ndani, nikawasha jiko nimwonyeshe. Mwalimu naye, asionekane ameshindwa, akawasha lake: umeme wa wananchi, na yeye si mwananchi? Transfoma ikalia, fyuzi ikaungua, mtaa wote ukazimika.

Sasa sikiliza. Katika nyumba ya uzazi, dada yangu Mbuyi alikuwa amejifungua binti kabla ya miezi kutimia. Mtoto alilala katika kisanduku kilichopashwa joto kwa taa za umeme. Nilijua. Ndiyo, mwanangu, nilijua, lakini kiu ya kushinda ilinipofusha.

Tata Kabamba alikuja na mfuko wake wa vifaa. Kabla ya kugusa fyuzi aliwaomba akina mama wawashe mbabula, majiko yetu ya makaa, wachemshe maji uani. Maji yakatiwa kwenye chupa, chupa zikafungwa vitambaa, zikapangwa kumzunguka mtoto. Mimi na mwalimu tulibeba ndoo, hatutazamani. Kidole kimoja hakivunji chawa. Umeme uliporudi, mzee alinishika bega.

"Mutoto yangu," akasema polepole, "we na mwalimu munagombana juu ya mwenye courant, mwenye huu umeme. Kule ndani kuko mutu mwenye kuihitaji, na hajue kusema. Ile masini haijue kama ni ya Leta ao ya mufanyabiashara. Inajua tu mukono yenye kuichunga."

Nililia mbele ya watu. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi, na nyasi zangu zilikuwa damu yangu mwenyewe.

Mtoto alipona. Leo binti huyo, Ngalula, ni fundi wa kampuni binafsi inayopeleka umeme Tenke, mji wa migodi, na mimi, uzee umenigeuza, nasimama upande wa mali ya umma. Kila Jumapili, baada ya ibada, tunabishana tukila bukari, ugali wetu.

"Mjomba, Leta iko inalala!"

"Na bale benye kampuni yao, batapeleka umeme Musumba, kwenye hakuna mugodi?"

Hakuna anayeshinda. Lakini saa sita ikigonga, Ngalula huacha neno lake katikati, huinuka na kuzima jiko langu. Ni zamu ya upande wa chini. Tata Kabamba ameshazikwa, na bado tunamtii.

Basi, mwanangu, bishana. Umeme uwe wa nani ni swali kubwa, usiwaachie wenye suti peke yao. Ila uliza kwanza nani atakaa kwenye baridi mkiwa mnashindana, na zamu yako uishike hata kama mwenye mtambo humpendi. Mungu akujalie mikono ya kuchunga kisicho chako, na usikose mtu wa kukuinukia saa yako ya baridi ikifika.