Msalaba wa Marehemu wa Nyuma ya Ghala

Mwaka huu nilirudi kwetu Butiama kwa mazishi ya wifi yangu. Pale Makutano gari letu likasimama kupisha lori la mchanga. Lori likaondoka: ko! moja, kisha tik, tik, tik, tik, na kadiri lilivyozidisha mwendo ndivyo mlio ulivyozidi kwenda mbio. Wajukuu wakaendelea kuangalia simu zao. Mimi nikasema, "Msalaba wake unakufa huyo." Dereva wetu akanitazama kwenye kioo. Nadhani alifikiri namsema marehemu tunayekwenda kumzika. Sikumweleza, maana ni habari ndefu. Wewe una nafasi, kaa nikusimulie.

Shule niliishia darasa la tatu, lakini majina sisahau. Ng'ombe wote wa bibi yangu ninao kichwani, na watu wote wa kijiji chetu ninao, hata waliohama. Ila wengine wajukuu zao ni majirani zangu huko ninakoishi sasa, kwa hiyo watu nitawataja kwa kazi zao tu. Ng'ombe nitawataja kwa majina, hawana wa kuwalalamikia.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu tuhamie kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mistari kama mahindi. Kijiji kilikuwa na lori moja la dizeli, kuukuu, tulilopewa na ushirika walipochoka nalo. Baba yangu ndiye alikuwa dereva, kwa sababu alikuwaga taniboi kwenye lori la mfanyabiashara mmoja kabla ya Uhuru. Bibi alilipa lori jina la ng'ombe wake Subira, yule ambaye ilibidi umwite mara tatu ndipo asimame.

Msimu wa pamba ndio ulikuwa msimu wa Subira. Sisi watoto tulichambua, safi huku, fifi, ile chafu, kule, vidole vimechomwachomwa na vikonyo vikavu. Kisha tunaingizwa kwenye magunia makubwa tukanyage pamba ishikane, na ukitoka humo unapiga chafya mpaka jua linazama. Mchana tulikula michembe, vile viazi vilivyokaushwa juani, vimechemshwa na karanga, na maziwa mgando ya kushushia. Lori likija tulilisikia tangu daraja la mto. Harufu ya dizeli tuliipenda, sijui kwa nini. Tulikuwa tunaisogelea kama watu wanaoota moto.

Basi msimu ule Subira akaanza kulia. Akiondoka, ko! Akitembea, tik, tik, tik. Baba akawa hali vizuri. Katibu wa kijiji, ambaye alisoma hadi darasa la nane na aliruhusu watu wote walijue hilo, akasema ni difu, lile tumbo la chuma lililo katikati ya magurudumu ya nyuma. Akasema difu haifi hivi hivi, inakufa kwa kutotiwa oili, na dereva asiyetia oili kwenye mali ya umma ana jina lake.

Jina lenyewe lilikuwa mhujumu. Neno hilo miaka ile lilikuwa halitoki kwa maji. Likiandikwa kwenye daftari la kijiji, baba asingeshika usukani popote tena, na sisi tungeitwa watoto wa fulani yule. Kamati ikaamua: Jumamosi ni mkutano, na kama gari bado linalia, funguo zirudi ofisini na neno liandikwe.

Baba hakuwa mtu wa maneno, lakini siku hiyo alijitetea. "Ndugu katibu, nikikanyaga klachi injini inatulia, lakini tik-tik inaendelea. Kwa hiyo si injini, wala si giaboksi. Mlio unafuata magurudumu."

"Si ndiyo hiyo difu? Difu iko kwenye magurudumu!"

"Difu ikiumwa inavuma, ndugu. Haihesabu."

Bibi alikuwa amekaa chini anapepeta mtama. Akamwambia baba alipitishe lori mbele yake, polepole. Watu wakacheka. Baba akalipitisha. Bibi akafumba macho, akamwambia alirudishe tena.

"Madoa wangu alikuwa analia hivi," akasema. "Ng'ombe mwenye tumbo bovu anaguna hata akisimama. Huyu analia akiinua mguu tu. Mwanangu, mtazame nyonga."

Katibu akasema, "Mama, gari halina nyonga."

"Na wewe huna ng'ombe," bibi akamjibu.

Baba akaingia uvunguni. Alishika propela, kile chuma kirefu kinachopeleka nguvu ya injini nyuma, akaizungusha kwa mikono miwili, na kabla haijashika sawasawa ikasema ko! Pale kwenye kiungo chake kulikuwa na vumbi jekundu kama pilipili iliyosagwa. Akatoka na grisi kwenye paji la uso. "Mama," akasema, "ni nyonga."

Jumatano akaondoka na lori tupu, taratibu, kwenda kwa fundi Musoma, upande wa ziwani. Yanayofuata tuliyapata kwa baba mwenyewe.

Fundi yule alikuwa na mapenzi makubwa na Kiswahili. Alisikia kwamba nchi huru haiwezi kuazima maneno, akaamua gereji yake ijitegemee. Giaboksi aliita sanduku la gia. Gari lililokufa aliliita marehemu, na uani kwake walikuwa wamelala marehemu kama sita. Kile kiungo cha propela ambacho mafundi wote wanakiita krosi, chuma kidogo chenye mikono minne, yeye alikiita msalaba. Akaufungua msalaba wa Subira, akakuta vijiti vidogo vya kuzungukia ndani ya vikombe vyake vimekuwa unga. Madukani hakuna msalaba mpya. Miaka ile ulijibiwa hakuna kabla hujamaliza kutaja kitu. Wale marehemu wa uani nao, hakuna mwenye msalaba wa ukubwa ule.

Ndipo baba akakumbuka kwamba nyuma ya ghala letu la pamba kuna lori bovu la zamani, la aina moja na Subira, ndugu yake. Akamwambia fundi, kisha yeye akarudi uvunguni, barua hakuiona. Fundi akaandika barua, akampa kondakta wa basi. Alhamisi katibu akaisoma barazani, na mimi nilikuwepo:

"Msalaba wa mbele umekufa. Toeni msalaba wa marehemu aliye nyuma ya ghala. Usipigwe nyundo. Ufungwe kwa kitambaa kisafi. Ufike kabla ya Jumamosi."

Sasa nyuma ya ghala kulikuwa na vitu viwili. Kulikuwa na lile lori bovu, limefunikwa na majani ya maboga, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Na kulikuwa na kaburi la mlinzi wa ghala, lina msalaba wa mninga. Hakuna hata mmoja wetu aliyelihesabu lori kuwa marehemu. Lilikuwa na kuku!

"Msalaba wa mlinzi una kazi gani na gari?" akauliza mwenyekiti.

Katibu akaisoma barua tena. "Ndugu mwenyekiti, hiki ni Kiswahili fasaha. Imesemwa hata usipigwe nyundo. Mimi si wa kuuliza, ni wa kutekeleza."

"Labda lina pepo," jirani yetu akasema. "Si mnasema linalia?"

Watu wakamgeukia bibi, maana mlinzi alikuwa wa ukoo wake. Bibi akafikiri. "Yule hakuwahi kumwazima mtu hata jembe alipokuwa hai," akasema. "Lakini kama ni kumtoa mwanangu kwenye daftari, nitamwambia mwenyewe."

Alinichukua nimbebee kibuyu. Akamwaga maziwa kidogo pale kaburini, akazungumza naye kwa lugha yetu ya nyumbani, sauti ya kawaida, kama unavyozungumza na mtu uani: tunaazima hiki kwako, ni kwa sababu hii, utarudishiwa. Kisha akaniambia, "Kitu cha mtu usikichukue bila kumwambia. Hata akiwa hasikii, wewe unasikia." Katekista, ambaye wote tulimwita mwalimu, akaung'oa msalaba. Mguu wake ulikuwa umeliwa na mchwa. Bibi akaufunga kwa kanga yake ya kwenda kanisani, na Ijumaa asubuhi katekista akapanda nao basi.

Baba alikuwa amekaa juu ya tairi anakunywa uji alipomwona katekista anaingia gerejini na kitu chenye umbo la msalaba mikononi, kimefungwa kanga. Kanga akaitambua. Uji ukamwagika.

"Mwalimu. Ni mama?"

"Hapana. Ni mlinzi wa ghala."

"Mlinzi amekufa?"

"Alikufa mwaka wa njaa. Si ulimzika wewe?"

Fundi akaja anajifuta mikono, akaifungua kanga, akaugeuza ule mti huku na huku.

"Mwalimu, huu ni msalaba."

"Ndiyo."

"Wa mti."

"Wa mninga," katekista akasema, akajivuna kidogo.

Baba alisimulia habari hii kila msimu wa pamba mpaka uzee wake, watu wanavunjika mbavu, lakini akifika pale pa kanga alikuwaga anakohoa kwanza, ndipo anaendelea.

Basi lilikuwa moja kwa siku. Kwenda kijijini na kurudi kungeipita Jumamosi. Fundi hakuomba radhi, ila aliona aibu, na aibu ya fundi inaonekana mikononi. Akauosha ule msalaba wa chuma kwa dizeli, akamwonyesha baba: umelika upande mmoja tu, kama kisigino cha kiatu. Akaugeuza, upande mzima ndio ubebe mzigo. Vijiti vinavyolingana akaviokota kutoka kwa marehemu wake mmoja mmoja, akavipanga kwenye vikombe kwa grisi, kwa kidole, kama mwanamke anayepanga shanga. "Hautadumu," akasema. "Lakini hautalia."

Jumamosi mkutano ukakaa mbele ya ghala. Daftari liko mezani, kalamu juu yake. Mama yangu alikuwa amesimama nyuma kabisa, amenishika bega, na vidole vyake nilivihisi mpaka kwenye mfupa. Tukasikia mngurumo kule darajani. Watu mia na zaidi wakanyamaza, hata wenye vichanga wakawanyonyesha ili wasilie. Tukangoja tik. Mngurumo ukapanda kilima, ukapita shule, ukakata kona, na Subira akatokea, katekista amekaa mbele na msalaba wa mninga mapajani.

Mwenyekiti akamwamuru baba asimame, aondoke. Asimame, aondoke. Mara tatu. Hakuna ko. Bibi alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua tu, mama akaniachia bega.

Katibu akafunga daftari. "Barua haikuwa wazi," akasema, na hilo ndilo lililokuwa kukiri kwake kote, mpaka anakufa.

Jumapili baada ya ibada tukawafukuza kuku, baba akautoa msalaba mzima kwenye lori bovu, akaufunga kwa Subira. Ila ule wa mlinzi, mguu wake ulioliwa ulikatikia njiani, haukuweza kusimama tena. Bibi akasema ameahidi. Basi baba akachukua saruji iliyobaki ya zahanati, akamfunika mlinzi vizuri, na juu yake akaupandika ule msalaba wa chuma uliolika wa Subira, mdogo kama ngumi ya mtoto. Ulikaa pale miaka na miaka, mvua inaunyeshea na haukudai kitu. Fundi naye, nasikia, tangu siku ile aliandikaga krosi.

Baada ya mazishi ya wifi nilijikongoja mpaka nyuma ya ghala. Ghala halina paa. Pamba hakuna anayelima upande ule, ni mihogo na nyumba za bati, na ile mistari yetu kama mahindi huwezi kuionyesha mtu. Lori bovu wanunuzi wa chuma chakavu walilibeba vipande vipande. Baba, bibi, mwenyekiti, katibu, katekista, wote wamelala. Barabara ni lami, na magari yanapita yamefunga vioo, muziki ndani, hata yakilia nyonga hakuna wa kusikia.

Kaburi la mlinzi nililitafuta kwa mguu, kwenye nyasi, mpaka nikagusa saruji. Msalaba haupo. Wameung'oa kwa nyundo, saruji imepasuka. Limebaki tundu lenye mikono minne, limejaa maji ya mvua.

Sikuwa na maziwa. Nikasimama pale, nikamwambia kwa lugha yetu ya nyumbani, sauti ya kawaida, kwamba safari hii si sisi.