Harufu Iliyomtoa Sebarenzi Nyumbani

Nyumba ya Mukagasana ilikuwa na magurudumu, ingawa haikuwa imesogea hata hatua tangu kampuni ya barabara iliyoileta Mubi, huko Walikale, ifunge kazi na kuondoka. Zamani walilala humo mainjinia. Ndani mlikuwa na chumba kimoja kirefu, sinki la kuoshea vyombo, na dushi ndogo pembeni ambayo maji yake yalishuka kwa bomba chini ya sakafu mpaka kwenye shimo la choo nyuma ya nyumba. Sebarenzi, mume wake, alikuwa mlinzi wa kampuni, na wakubwa walipoondoka walimwambia akae humo. Kwa mtu aliyekimbia vita kule Bihambwe na godoro kichwani, akaacha shamba la maharagwe likikaribia kukomaa, sakafu ya mbao ilikuwa neema.

Kisha ugonjwa wa sukari ukamshika. Kidonda kilimtoka kisiginoni, kikakataa kupona. Aliposhindwa kusimama, Mukagasana alimwogesha kitandani kwa beseni na kitambaa. Yeye mwenyewe akawa anaoga uani, kama alivyozoea kule Bihambwe. Dushi ikageuka ghala la makaa na mihogo.

Harufu ilikuja polepole. Mwanzoni ilikuwa kama yai viza, ikipita na kupotea. Baadaye ikakaa, na mchana wa joto ilimshika mtu koo. Mume na mke hawakuitaja. Muuguzi Hélène, aliyekuwa akija kusafisha kidonda, ndiye aliyeongea.

"Papa, kidonda iko propre, iko safi," alisema. "Haiozi. Musiogope."

Walimshukuru. Alipotoka, Sebarenzi alimgeukia mkewe.

"Huyu mama iko na roho muzuri," alisema. "Hapendi kutuumiza."

Mukagasana hakumpinga, kwa kuwa naye aliamini kidonda kinaoza na muuguzi anawaficha.

Kulikuwa na Ndayambaje, rafiki waliyekimbia naye kutoka Bihambwe. Kila Jumapili baada ya misa alikuja kusikiliza redio na kubishana na Sebarenzi juu ya ng'ombe ambao wote wawili hawakuwa nao tena. Siku moja alisogeza kiti karibu na mlango. Jumapili nyingine alisalimia akiwa amesimama kizingitini, akisema mvua inakuja. Kisha akawa anatuma salamu tu. Wanawake wa shirika la sala nao walianza kusalia nje, wakiinua sauti ili mgonjwa awasikie.

"Mama Tuyishime," Sebarenzi alimwambia mkewe, "unitoshe humu ndani, nitoke. Uniweke mu jikoni ya inje."

"Jikoni ya mbao? Mvua inapitaka mule."

"Ipite. Sitaki bantu wakukimbie juu ya harufu yangu."

Mukagasana alikataa. Sebarenzi akakataa kula. Alikuwa mtu mpole, asiyejua kugomba, na huo ndio ukali pekee mkewe aliowahi kuuona kwake. Mwishowe majirani walimbeba na godoro lake, wakamlaza kati ya mafiga na ukuta. Mukagasana akarudi ndani, akafungua madirisha yote, upepo ukaingia, na kifua chake kikapata nafuu. Nafuu hiyo hakuisahau. Jioni harufu iliporudi, alijiambia imeingia kwenye mbao.

Mvua za Walikale hazina huruma. Kifua cha Sebarenzi kikabana, Hélène akaleta dawa, lakini hazikufua dafu. Alifia jikoni, asubuhi, mkewe akimkorogea uji.

Binti yao Tuyishime, aliyeolewa upande wa Mubambiro, alizuiwa na barabara mbovu. Alifika baba yake akiwa amekwisha kuzikwa siku nyingi. Alilia kaburini, kisha akaingia nyumbani na kusimama katikati ya chumba.

"Mama, nini inanuka humu?"

"Ni papa yako," Mukagasana alijibu.

Kisha akasikia alichokisema: Sebarenzi hakuwamo humo tena, wala godoro lake. Akakaa chini, hapo hapo sakafuni.

Toka siku hiyo hakutulia. Mama na binti walifua kila nguo, wakasugua kuta kwa sabuni na ndimu. Harufu ikabaki. Mukagasana akatambaa chini ya nyumba, kati ya magurudumu, akitafuta panya aliyekufa. Akakuta vumbi kavu na bomba lisilo na ufa. Ndipo alipofikiria matundu ya kutolea maji. Alizibia tundu la sinki kwa kitambaa kilicholowa, wakafunga madirisha, wakatoka. Waliporudi, harufu iliwapokea mlangoni. Wakatoa makaa na mihogo dushini, akaziba tundu lililokuwa chini yake kwa kitambaa kile kile. Safari hii walipofungua mlango, hawakusikia chochote ila harufu ya mbao na sabuni. Akakitoa kitambaa, akainama: yai viza lile lile likampiga usoni.

Walimwita Evode, fundi wa mabomba wa mtaani. Alitazama, akauliza dushi ilikuwa haijatumika tangu lini.

"Tangu papa alishindwa kusimama," Tuyishime alisema.

"Njo ile. Chini ya tundu tiyo, bomba ile, imekunjwa, inabakiza maji kidogo, na ile maji njo inafunga hewa ya choo. Kama hamumwangi maji, inakauka, hewa inapanda. Mumwange kopo moja tu."

Mukagasana alichota kikombe, akamimina. Maji yalishuka yakilia kidogo, yakatulia. Alibaki amepiga magoti na kikombe tupu mkononi, na Tuyishime hakuthubutu kumwinua.

Kesho yake alimfuata Ndayambaje shambani kwake.

"Haikukuwa yee," alimwambia. "Ilikuwa dushi. Sebarenzi hakunuka hata siku moja."

Ndayambaje aliweka jembe chini. Hakuuliza dushi gani. Walirudi pamoja hadi kwa Mukagasana. Akaingia, akapiga magoti juu ya lile tundu, akakaa hivyo muda mrefu kuliko alivyohitaji mtu wa kunusa.

"Nilikudanganyaka juu ya mvua," alisema.

"Najua. Naye alijua."

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Ndayambaje alisimama mbele ya watu wa shirika akawaeleza mwenyewe. Mchana wanawake walikuja na sombe, mboga ya majani ya mihogo, na ndizi, wakakaa ndani hadi viti havikutosha. Walisali, wakaimba nyimbo ambazo Sebarenzi alizipenda. Mukagasana aliwapokea wote vizuri, akawaandalia chai. Lakini walipoanza kucheka kidogo, kama watu wachekavyo msiba unapoanza kupoa, alitoka, akaenda kukaa peke yake kule jikoni, kati ya mafiga na ukuta.